Kushoto Ongeza Inchi Moja

Neno lilianza kuzunguka hata udongo wa kaburi haujakauka: kwamba dada yake Fundi aliuawa na kisu. Walisema uvimbe wake ulikuwa umejikalia kimya, hauumi wala hausumbui, mpaka madaktari walipoupasua, ndipo ugonjwa ukatawanyika mwili mzima kama unga uliomwagika. Msusi wa chumba cha jirani alilipata kwa mteja, mteja alilipata kwenye foleni ya maji, na Ijumaa ile asubuhi likamfikia Fundi mwenyewe akiwa anazungusha uzi kwenye bobini. Msusi alisimama mlangoni na kitana chake mkononi, akatoa pole kama alivyoitoa kila siku kwa wiki tano, kisha akasema yeye haongezi wala hapunguzi, ila ndivyo watu wanavyosema huko.

Fundi aliinamia kazi yake. Alikanyaga cherehani, akashona mstari mrefu kwenye suruali ya mtu, na alipofika mwisho akaona ameshona mguu mmoja kwa mwingine. Akachukua wembe akaanza kufumua.

Kilichomchoma hakikuwa uongo wa lile neno. Ni kwamba alilitambua. Mwaka mmoja na nusu nyuma yeye ndiye aliyelipokea kwa Msusi huyo huyo, likiwa bado halina jina la mtu, akalibeba mpaka nyumbani kwa dada yake. Walikuwa jikoni wanamenya viazi. Alilisema kama mtu anavyosema habari za mvua, kwamba eti uvimbe ukiguswa na chuma ndipo unapochachamaa. Dada aliacha kumenya. Akauliza nani kasema. Fundi akajibu, "Watu." Dada akarudia kiazi chake, akakimenya mpaka kikabaki kidogo kama gololi, na Fundi akamcheka kwamba mpishi wa shule nzima ameshindwa na kiazi kimoja.

Sasa neno lilikuwa limerudi na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa dada yake.

Chumba cha Fundi kilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja, cherehani karibu na mwanga, meza ya kukatia, pasi, na pembeni pazia la maua lililofifia ambapo wateja walibadilisha nguo. Ukutani kulikuwa na misumari ya kutundikia kazi zilizokwisha. Msumari wa mwisho ulikuwa na blauzi ya buluu yenye vifungo mbele, kuanzia shingoni mpaka chini. Dada aliiomba hivyo makusudi, ili siku ya hospitali daktari asihangaike kumvua. Hakuivaa. Watu wawili walishaitaka, na wote aliwaambia ina mwenyewe.

Mwanamke mzee aliyemfundisha kushona alimpa sharti moja siku ya kwanza, kabla hata hajamwonyesha kutia uzi. Unachokiona nyuma ya pazia kiache nyuma ya pazia. Kovu la mtu, mimba ya binti wa watu, bega lililovimba kwa kipigo, wewe pima, andika, nyamaza. Mteja haji kwako kuulizwa. Fundi alilishika sharti hilo kwa miaka ishirini na mbili, na ndilo lililomjazia wateja. Wanawake walitoka mitaa ya mbali, wakapita mafundi watatu njiani, wakaja kwake kwa sababu hana mdomo.

Ndiyo maana dada yake naye alipokuja na gauni akasema limembana kidogo upande mmoja, Fundi alipima, akaandika, akanyamaza. Zaidi ya kunyamaza, alijivunia kazi yake. Alipanua kushoto akaupunguza mkunjo wa kulia ili macho ya mtu yasione tofauti. Mara ya tatu aliweka bitana nzito kifuani, nguo ikasimama yenyewe. Dada aliivaa kwenye harusi na watu wakamsifu. Shemeji, mume wa dada, alitamba kwamba mkewe anazidi kupendeza. Hakuna aliyejua, maana Fundi alishona vizuri kupita kiasi.

Alikuwa bado anafumua ile suruali Mwalimu alipoingia.

Mwalimu alifundisha chekechea ya mtaa wa pili. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mcheshi, mwenye mazoea ya kuongea na watu wazima kwa sauti ile ile anayoongea na watoto. Alikuwa na mfuko wa nailoni na ndani yake gauni la kijani ambalo Fundi mwenyewe alilishona mwaka jana. Alitoa pole ya msiba, akasema hakupata nafasi ya kufika, kisha akaeleza kwamba wiki ijayo kuna siku ya wazazi shuleni na gauni limekuwa dogo.

"Nimenenepa, Fundi. Chaki ina mafuta siku hizi."

Fundi akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akamwonyesha pazia.

Mwalimu alipolivaa, Fundi alizungusha tepu kiunoni. Kiuno kilikuwa kile kile. Akapima mabega, akapima nyonga. Hakuna kilichobadilika hata kwa upana wa uzi. Akafika kifuani, na kabla tepu haijamwambia kitu vidole vyake vilishajua, maana viliwahi kupita njia hiyo. Kushoto mshono ulikuwa umevutwa mpaka matundu ya sindano yanaonekana. Kulia kitambaa kilikuwa kimelegea.

"Hapa tu," Mwalimu akasema, akitazama ukutani. "Nipanulie hapa tu. Kwingine kuko sawa."

Mkono wa Fundi ulishafika kwenye kalamu iliyochomekwa kwenye kilemba. Mkono ulikuwa umezoea. Ungeandika kushoto ongeza inchi moja, ungelipokea gauni, na Jumatano Mwalimu angelipitia. Badala yake mkono ukakaa pale pale juu, kama wa mtoto anayeomba ruhusa.

"Mtu hanenepi upande mmoja, Mwalimu."

Nje Msusi alikuwa anacheka na mteja wake.

"Mimi nimeleta gauni, Fundi," Mwalimu akasema, na sauti ya watoto ilikuwa imemtoka. "Mwili sijauleta kwako."

Fundi akamwambia hatalipanua. Mwalimu akadhani hakusikia vizuri. Akauliza kama ni kazi nyingi, kama aende kwa fundi mwingine, kisha akaanza kulivua kwa hasira, zipu ikang'ang'ania, na Fundi akamsaidia kuishusha kwa sababu zipu ni zipu. Wakasimama hivyo nyuma ya pazia, mmoja na shimizi, mwingine na gauni kifuani amelikumbatia kama mtu anayekataa kunyang'anywa mtoto.

Ndipo Fundi alipotoka kwenda mezani kuchukua daftari la vipimo. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Alifungua ukurasa ulioandikwa juu "Dada", akampa Mwalimu asome mwenyewe.

Mwezi wa tatu: kushoto ongeza nusu inchi. Mwezi wa sita: kushoto ongeza inchi moja. Mwezi wa tisa: kushoto inchi moja na nusu, weka bitana. Halafu mwaka mpya, mwezi wa pili, kwa kalamu ya rangi nyingine: punguza kote, isipokuwa kushoto.

Chini ya hapo palikuwa peupe.

Mwalimu alisoma, akarudia kusoma. Alikalia kigoda. Alisema kwa sauti ndogo kwamba ana miezi minne tangu aligundue donge, linateleza kama punje ya mahindi chini ya ngozi, ila sasa si punje tena. Hajamwambia mtu, hata mama yake anayelala naye chumba kimoja. Alitaka kwenda hospitali mwezi uliopita, akawa amevaa na viatu, halafu akasikia ya msiba.

"Si walimkata dada yako, hali ikabadilika? Ndivyo nilivyosikia."

"Hakukatwa," Fundi akasema. "Mimi ndiye niliyemwogesha wiki zote za mwisho. Mwili wake naujua kuliko wangu. Hakuwa na kovu hata la upele. Kisu unachokisikia hakikumfikia, Mwalimu. Alipangiwa akisubiri miezi saba, haikuisha akafa."

Alitaka kuishia hapo. Lakini akaona kwamba akiishia hapo atakuwa ameweka bitana nyingine.

"Na aliyempelekea hayo maneno ya kisu ni mimi. Aliniambia mwenyewe mwezi wa pili, nilipomuuliza mbona hakusema mapema. Akaniambia, si wewe ulisema uvimbe unachachamaa."

Mwalimu akafunga daftari taratibu, akampigia mwalimu mkuu simu akasema anaumwa tumbo. Fundi akafunga mlango wa chumba, akaacha suruali ya mtu imeshonwa mguu kwa mguu. Daftari akalitia kwenye mkoba, na kadi ya hospitali ya dada yake ikiwa imebanwa humo kwa pini, pale ilipokaa tangu mwezi wa pili. Dada alimwachia Fundi kwa sababu alikuwa hawezi kukumbuka tarehe.

Walianzia zahanati, maana hospitali kubwa haimpokei mtu bila barua. Walikaa kwenye benchi mpaka mgongo wa Fundi ukaanza kulalamika. Mganga wa zamu hakuinuka wala hakugusa. Aliuliza maswali matatu akiandika, akakata karatasi, akasema waende nayo. Mwalimu alitoka amechangamka, akasema kumbe ni rahisi hivi, na Fundi hakutaka kumharibia.

Hospitalini dirisha la kwanza liliwatuma dirisha la tatu. Dirisha la tatu lilikuwa na karani wa miadi, kijana mnene mwenye kikombe cha chai kilichofunikwa kisahani. Aliigeuza barua mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga.

"Mhuri uko wapi?"

Fundi akamwonyesha saini. Karani akasema saini hata yeye anayo, anauliza mhuri. Wakarudi zahanati kwa miguu na jua limeshasimama utosini. Mhuri ulikuwepo, ila umefungiwa kwenye droo ya bwana mkubwa, na bwana mkubwa yuko kikaoni, na ufunguo uko naye kikaoni. Mganga aliyeandika barua aliwatazama kwa huruma ya kweli, akawaambia hata yeye droo ile inamtesa. Wakangoja. Mwalimu alianza kuwasimulia wagonjwa wenzake vituko vya watoto wa shule, namna mmoja alivyoleta panzi darasani akasema ni mdogo wake, na benchi zima likacheka. Fundi aliona mkono wa kulia wa Mwalimu umekaa chini ya kwapa la kushoto muda wote, kama mtu anayelinda kitu kisidondoke. Dada alikaa hivyo hivyo. Fundi aliinuka akaenda kunawa uso kwenye bomba, akafungua maji, akakaa nayo kwa muda kuliko uso unavyohitaji.

Saa nane na robo mhuri ukagongwa. Haukuchukua hata muda wa kupiga chafya.

Karani wa dirisha la tatu aliukagua, akaridhika, akafungua daftari kubwa la miadi. Alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikapita mwaka huu kikaingia mwaka ujao.

"Mwezi wa nne," akasema. "Tarehe kumi na nane. Njoo mapema."

Mwalimu akahesabu kwa vidole, akakwama. Fundi hakuwa na haja ya kuhesabu. Alikuwa ameshasimama kwenye dirisha lile lile akaambiwa miezi ile ile. Akauliza kwa nini. Karani akaeleza bila ubaya wowote, kama anavyoeleza mtu aliyekwisha kueleza mara elfu: daktari wa kuchukua kinyama cha vipimo ni mmoja, anakuja Alhamisi tu, anaona watu wanane. Wa pili aliondoka mwaka juzi na nafasi yake bado iko kwenye maandishi.

"Mama, mimi tarehe sizitengenezi. Nazigawa tu."

Fundi akatoa kadi ya dada yake. Hakujua anaitoa ya nini. Labda alitaka kumwonyesha mtu huyu kitu ambacho miezi saba hufanya. Aliisogeza chini ya kioo, na kabla hajafungua mdomo karani alishaichukua, akaifananisha na daftari lake, uso ukamnyooka kwa kupata jambo zuri la kusema.

"Huyu yupo. Alhamisi ijayo, namba tatu. Mwambie asikose, mama. Akikosa tunampangia upya."

Mwalimu akamshika Fundi mkono. Nyuma yao foleni ilikuwa inasukuma. Fundi alitazama mstari aliouonyesha karani: jina la dada yake kwa wino wa bluu, namba tatu, mwandiko mzuri. Kwenye daftari lile dada yake alikuwa mzima. Alikuwa anatarajiwa asubuhi.

Akauliza, kwa utaratibu, kama mtu akiwa amefariki nafasi yake hupewa nani.

"Hapewi mtu. Tunaomba cheti cha kifo, tunaifuta, basi."

"Na siku hiyo daktari anaona wangapi?"

"Waliobaki. Saba." Karani akanyanyua kisahani, akanywa chai. "Kwani vipi, huyu mgonjwa amefariki?"

Kulikuwa na wanawake wasiopungua ishirini nyuma yao. Wengine walikuwa na mkono chini ya kwapa. Fundi alikuwa hajazoea kusema uongo. Kazi yake ilikuwa kunyamaza, na kunyamaza kulikuwa kumemponza. Lakini safari hii alijua anamnyamazia nani.

"Usiifute," akasema. "Alhamisi mtu atakuja."

Akavuta kadi kutoka chini ya kioo, akairudisha kwenye daftari na pini yake. Karani alishamwita anayefuata.

Nje Mwalimu alitembea hatua nyingi, barua mkononi. Kisha akasema yeye siye yule wa kwenye kadi, ile kadi ni ya mtu wa miaka hamsini na moja, watamfukuza. Fundi akasema hatamwambia daktari uongo hata mmoja. Watafika saa kumi na mbili asubuhi, wakae benchi la mbele, namba tatu ikiitwa waingie wote wawili, na yeye ndiye atakayesema: dada yangu amekufa akiingoja nafasi hii, na huyu hapa ana barua na mhuri.

"Akitutoa?"

"Atutoe kwa mkono wake. Dirishani wanatutoa kwa kalamu."

Mwalimu alicheka, halafu kicheko kikageuka katikati, na Fundi akamshika pale pale kando ya ukuta wa hospitali, watu wakipita. Naye alilia. Wiki tano alikuwa hajalia vizuri. Msibani alikuwa na kazi ya kupokea watu, na baada ya msiba hakujiona ana haki.

Walipoachana Mwalimu alikumbuka gauni. Fundi akamwambia atalipata likiwa kama alivyolileta, na kwenye siku ya wazazi avae kitenge. Halafu akamwambia aende moja kwa moja kwa mama yake, asipitie popote.

Msusi alikuwa mlangoni kwake Fundi aliporudi. Aliuliza walikuwa wapi na Mwalimu siku nzima. Fundi alimkaribisha ndani, jambo ambalo hakulifanya kwa muda mrefu, akampa kigoda, akamweleza yote: viazi, kisu ambacho hakikuwepo, miezi saba, jina la dada yake kwa wino wa bluu. Hakumlaumu. Alimwomba tu kwamba mteja wake akilileta tena lile neno, amlete huyo mteja hapa. Msusi alitazama kitana chake, akang'oa nywele zilizonasa, moja moja. Aliondoka bila kusema kama atafanya hivyo au hatafanya.

Mwanga ulikuwa bado upo dirishani. Fundi alichana karatasi katikati ya daftari la vipimo, akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, herufi kubwa kubwa, akaibandika nyuma ya pazia, usawa wa macho ya mtu anayevua nguo.

Usikae na uvimbe ukisubiri uume. Wa dada yangu ulianza kuuma mwishoni.

Usiseme umenenepa kama ni upande mmoja.

Usimfiche mama yako, wala mume wako, wala anayelala nawe chumba kimoja.

Usimwamini anayesema kisu kinatawanya. Muulize alimwona nani kwa macho yake.

Usilipeleke neno usilolijua jikoni kwa mtu.

Usitoke zahanati kabla ya kuutazama mhuri.

Usiipokee tarehe ya mbali ukaenda kulala. Rudi wiki inayofuata, uliza nani hakuja.

Usiache siku ipite kwa sababu kuna kazi. Kazi nitakuwekea.

Usiniletee nguo niipanue upande mmoja. Sitaipanua.